Fuwele Kavu Zina Maji Ndani

Nilikuwa Kidato cha Pili nilipotoka maabara na kitu kisichokuwa changu. Zilikuwa fuwele nne za buluu za salfati ya shaba, kila moja kubwa kama punje ya maharagwe, zilizobaki kwenye bakuli la kauri baada ya somo la kemia. Nilizifunga ndani ya kipande cha karatasi ya kuchujia, nikakificha katikati ya daftari la hesabu, na usiku ule bwenini nikawaonyesha marafiki wawili kwa mwanga wa tochi. Hatukuwa tumeona buluu kama ile. Ilionekana kutoka ndani ya fuwele yenyewe, na pembe zake zilikuwa zimenyooka kana kwamba kuna fundi aliyekaa akazipiga randa.

Wiki mbili baadaye nilifungua daftari. Karatasi ilikuwa imegeuka kahawia, mikunjo yake imekuwa myeusi, na nilipoishika ilivunjika mkononi kama jani kavu la mgomba. Ukurasa wa hesabu uliokuwa chini yake ulikuwa na tundu. Fuwele zenyewe zilikuwa zinanata. Nilizitupa nyuma ya choo, nikanawa mikono mara tatu, na sikumwambia mtu. Niliamini kwamba salfati ya shaba hula karatasi, na niliishi na imani hiyo mpaka chuo kikuu.

Salfati ya shaba haili karatasi. Kilichokula karatasi yangu ni asidi, na asidi ile haikupaswa kuwemo.

Leo mimi ni mwalimu wa kemia hapa Kakamega, na kila mwaka, tukifika mada ya chumvi (kwetu wanakemia, chumvi ni kile kinachozaliwa asidi ikimalizwa na besi kama oksidi ya shaba), nakutana na lile swali ambalo halikosi kurudi kwenye mitihani: eleza jinsi utakavyotayarisha fuwele safi na kavu za salfati ya shaba. Wasichana wangu hulijibu kwa kasi ya kusali. Pasha asidi moto, ongeza oksidi ya shaba kupita kiasi, chuja, vukiza mpaka myeyusho ushibe (usiweze kubeba zaidi), acha upoe, kausha katikati ya karatasi za kuchujia. Ukimkatiza mmoja na kumuuliza, "Kupita kiasi kwa nini, mwanangu?" ananyamaza. Amekariri njia bila kuambiwa inakwenda wapi. Mimi husema kwamba swali lote liko katika yale maneno mawili, safi na kavu. Kila hatua inadaiwa na mojawapo. Ukijua neno lipi linadai nini, huhitaji kukariri chochote.

Nianze na safi, maana ndiyo iliyotoboa daftari langu.

Tunachukua asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, sentimita za ujazo 50 zenye nguvu ya moli moja kwa lita. Tunaipasha moto bila kuichemsha, kisha tunatia oksidi ya shaba, unga mweusi kama masizi ya sufuria, kijiko kidogo kidogo huku tunakoroga. Unga unapotea, na maji yaliyokuwa hayana rangi yanaanza kuwa buluu. Kwa hesabu, asidi hiyo inahitaji gramu 4 hivi za oksidi ili iishe yote. Mwalimu wetu wa wakati ule, nakumbuka vizuri, alitupimia gramu 3 kwa sababu kopo lilikuwa linaelekea kuisha. Unga wote uliyeyuka, hakukuwa na cha kuchuja, na tulifurahi kwamba tumeokoa hatua nzima.

Lakini robo ya asidi ilibaki bila wa kuimaliza. Na asidi ya salfuriki haiondoki na mvuke. Ingekuwa asidi ya hidrokloriki, masalio yake yangepaa pamoja na maji tunapovukiza, tukabaki salama. Ya salfuriki huchemka katika joto la zaidi ya digrii 300. Kwa hiyo maji yanapopungua bakulini yenyewe inakaa pale pale, inazidi kukolea, inazigandia fuwele kama utando usioonekana. Nilizifunga fuwele zangu, maji machache yaliyobaki yakakauka, asidi ikakolea zaidi, na asidi ya salfuriki iliyokolea huinyang'anya karatasi hata ile hidrojeni na oksijeni iliyoijenga. Kinachobaki ni kaboni. Ule weusi kwenye mikunjo ulikuwa makaa.

Ndiyo maana tunatia oksidi kupita kiasi. Lazima kitu kimoja kibaki, hilo halikwepeki, kwa kuwa hakuna mizani ya shule inayoweza kulinganisha viwili hivi mpaka chembe ya mwisho. Basi tunachagua kibaki kipi. Tunaacha kibaki kile kisichoyeyuka majini, kinachoweza kukamatwa na karatasi. Unga mweusi ukitulia chini ya bika na kugoma kupotea hata ukikoroga, hiyo ni habari njema: asidi imekwisha. Nikiona msichana anafurahia ule weusi chini ya bika yake, najua ameelewa.

Kuchuja kwenyewe sikufundishwa na mwalimu wa kemia. Nilifundishwa na kukhu, mama yake baba, kabla sijaingia darasa la kwanza. Alikuwa anakausha maganda ya maharagwe baada ya kupura, anayachoma mpaka yawe jivu jeupe, analitia jivu kwenye kopo kuukuu lililotobolewa chini na kutandikwa nyasi, kisha anamimina maji polepole juu yake. Chini yalidondoka maji ya rangi ya chai nyepesi. Hayo ndiyo musherekha, na mpaka leo mrenda au kunde zilizopikwa bila musherekha huwa naona zimepikwa nusu. Mimi nilikuwa nahimiza maji yashuke haraka, natikisa kopo. Kukhu alikuwa ananikamata mkono. "Ukilitikisa, jivu linakufuata," alisema. Nilipokuja kuona faneli na karatasi ya kuchujia miaka mingi baadaye, sikuhitaji kuelezwa kwa nini hatukorogi ndani ya faneli.

Huwa nawasimulia wanafunzi habari hiyo, kisha nawauliza: kile alichokihifadhi kukhu ni mabaki au ni mchujo? Mchujo, wanajibu, tena kwa sauti, kwa sababu wengi wao wameyaonja. Jivu la mimea lina kaboneti ya potasiamu, inayoyeyuka majini, pamoja na mambo mengine mengi yasiyoyeyuka. Maji yanachukua yanayoyeyuka, nyasi zinazuia mengine. Kwenye bika zetu ni vivyo hivyo: buluu inapita, weusi unabaki. Tofauti ni kwamba tunachuja myeyusho ungali na joto, maana ukipoa mno fuwele huanza kujiunda ndani ya shingo ya faneli, na hapo somo linasimama.

Sasa kuna myeyusho wa buluu, safi kwa macho. Kwa nini basi tusiuchemshe mpaka maji yote yaishe, tukwangue kilichobaki? Swali hili huulizwa kila mwaka, na nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake liko kando ya barabara ya kwenda Malava.

Sisi ni watu wa miwa. Anayekaa huku amewahi kuona sukari guru ikitengenezwa, au angalau amesikia harufu yake. Juisi ya miwa inachemshwa kwenye karai kubwa mpaka iwe nzito, inamiminwa, inaganda. Kila kilichokuwemo kwenye juisi na hakikupaa wala kuondolewa pamoja na povu, kimo ndani ya lile bonge la kahawia: sukari, madini, rangi, na uchafu mdogo mdogo wa shamba. Ni tamu na ina kazi zake, ila haiwezi kuitwa safi. Kiwanda cha sukari hufuata njia nyingine. Mumias, kuanzia 1973 mitambo ilipoanza kusaga, juisi ilikuwa ikisafishwa, ikapunguzwa maji mpaka ikashiba, ndipo punje za sukari zikaachwa zijijenge ndani ya kimiminika kizito. Kisha mashine inayozunguka kwa kasi ilitenganisha punje na kile kimiminika. Punje ni sukari. Kimiminika ni molasi, nayo imebeba karibu kila kitu ambacho si sukari.

Fuwele inapojijenga huwa inachagua. Kila chembe inayojiunga lazima iingie kwenye nafasi yake katika mpangilio, na chembe ya aina nyingine haipati pa kukaa. Inaachwa nje, kwenye maji. Ndiyo kusema kwamba usafi unafanywa na fuwele yenyewe, sisi tunaipa nafasi na muda tu. Ukichemsha mpaka kukauka, umeinyima nafasi ya kuchagua, umetengeneza sukari guru ya buluu. Na ukiharakisha kupoza, kwa mfano kwa kuweka bakuli kwenye maji baridi, unapata punje ndogo nyingi zilizojengwa kwa pupa, zimenasa maji machafu katikati yake.

Kwa hiyo tunavukiza kiasi. Tunachovya kijiti cha kioo, tunakiinua, tunakipuliza kidogo. Fuwele ndogo zikitokea kwenye ncha kinapopoa, myeyusho uko tayari na moto unazimwa. Hapa Kakamega tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye digrii 95 au pungufu kidogo. Mwanafunzi anayengoja kipimajoto kifike 100 kama kitabu kinavyosema atangoja mpaka bakuli likauke. Afadhali kijiti.

Lililo gumu kwa wanafunzi ni kumwaga. Baada ya siku mbili au tatu fuwele ziko chini ya bakuli, na juu yake kuna maji ambayo bado ni buluu, buluu nzito kabisa. Wanakemia huyaita kimiminika mama. Salfati ya shaba imo ndani yake, kila mtu anaiona. Msichana mmoja mwaka jana alishika bakuli kwa mikono miwili akaniambia, "Mwalimu, hii ni mali yetu, tunaimwagaje?" Nilimwelewa. Kwao hakuna kinachomwagwa. Lakini uchafu wote uliokataliwa na fuwele umo mle. Ukitaka yote utapata yote, pamoja na uliyotaka kuyakimbia. Anayetaka fuwele safi lazima akubali kupata pungufu ya kile hesabu inachomruhusu. (Nasi hatumwagi kwenye mtaro. Shaba ina sumu kwa samaki, na mtaro wetu unaelekea mtoni. Tunakusanya kwenye chupa, na darasa linalofuata linavukiza tena kwa mazoezi.)

Kisha tunazisuuza fuwele kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa, kidogo tu, na yawe baridi. Ya moto yatazirudisha zilikotoka.

Tumefika kwenye kavu, na hapa ndipo Kiswahili chetu chenyewe kinapotusaliti kidogo. Kitu kikavu kwetu ni kitu kisicho na maji. Nguo kavu, kuni kavu, samaki mkavu. Basi mwanafunzi mwenye akili timamu akiambiwa akaushe fuwele anafanya nini? Anaziweka juu ya moto. Kundi moja lilinifanyia hivyo muhula uliopita wakati nimegeuka kusaidia wengine. Walitandaza fuwele zao nzuri juu ya bakuli, wakawasha kichomeo. Niliporudi, kingo zilikuwa zimepauka. Fuwele zilikuwa zinapasuka kwa milio midogo, mvuke unatoka, na buluu inakimbilia katikati. Baada ya dakika kumi kulikuwa na unga mweupe wa kijivu kama chokaa, na wasichana wanne waliokuwa karibu kulia.

Niliwaambia waache upoe. Kisha nikampa mmoja wao kitone kimoja cha maji akidondoshe. Unga ulitoa mlio, bakuli likapata joto, na pale kitone kilipoangukia buluu ikarudi papo hapo. Darasa zima lilikuja mezani.

Maji yako ndani ya fuwele yenyewe. Kila chembe ya salfati ya shaba imeshikana na chembe tano za maji, zimepangwa pamoja nayo kama matofali na saruji. Ukipima gramu 249.5 za fuwele hizo, gramu 90 ni maji, zaidi ya theluthi moja ya uzito. Maji hayo hayalowanishi kidole, hayaonekani, na bila hayo hakuna buluu, hakuna pembe, hakuna fuwele. Fuwele kavu basi ni ile ambayo maji ya nje yameondoka na ya ndani yamebaki. Kuikausha ni kuitoa maji yasiyo yake. Ndiyo maana tunaibana katikati ya karatasi za kuchujia, tunabadilisha karatasi, tunabana tena, au tunaiacha kivulini kwenye hewa ya kawaida. Moto hautambui maji yapi ni ya nje.

Kwa Kiswahili cha zamani salfati hii inaitwa mrututu, na watu wa pwani walikuwa wakiitumia kuchoma vidonda. Nalipenda neno hilo, na huliandika ubaoni kando ya fomula. Linanikumbusha kwamba kitu hiki kilikuwa na jina katika lugha yetu kabla hakijaletwa darasani, na mtoto akijua hivyo hukitazama kwa jicho jingine.

Kukausha kwa karatasi kunachosha hapa kwetu. Mvua ya Kakamega ikishuka saa tisa alasiri, hewa yenyewe inakuwa na maji, na karatasi iliyokuwa kavu asubuhi inalegea. Mizani ndiyo shahidi wangu. Kwa zile sentimita 50 za asidi, hesabu inaruhusu gramu 12.5 za fuwele na si zaidi. Kundi moja lilileta gramu 14.1 wakishangilia kwamba wamewashinda wenzao. Sikusema kitu, niliwaomba wakokotoe upya kiwango cha juu. Waliangaliana. Wakarudi wenyewe kwenye karatasi, wakabana, wakapima kila asubuhi: 12.2, kisha 11.3, kisha 10.9, kisha 10.9 tena. Uzito unaporudi ule ule mara mbili, maji ya nje yamekwisha. Kundi lililofuata kila hatua kwa utulivu lilipata gramu 8.6, karibu asilimia 69, nami niliwapa alama za juu kuliko wote.

Si chumvi zote zinazokubali njia hii. Chumvi ya mezani, kwa mfano, haijali joto: gramu 100 za maji zikiwa kwenye digrii 20 zinabeba gramu 36, na zikichemka zinabeba 39 hivi tu. Ukipoza hupati kitu cha maana, itabidi uvukize taratibu. Tena malighafi zake zote mbili huyeyuka, hakuna cha kuchuja, kwa hiyo unalazimika kutumia bureti (mrija wenye alama za vipimo) na kiashiria (kinachobadilika rangi asidi ikiisha) mpaka asidi na besi zimalizane, kisha unarudia kwa vipimo vile vile bila kiashiria. Nitrati ya potasiamu ni kinyume chake kabisa, kutoka gramu 32 hivi kwenye digrii 20 hadi karibu 246 kwenye 100, na ukiipoza bika linajaa sindano. Salfati ya bariamu karibu haiyeyuki kabisa, ni kuchanganya, kuchuja, kusuuza. Lakini maswali ni yale yale mawili: kilichobaki kitaondokaje, na maji yapi yaondoke.

Naumia nikikumbuka ni watoto wangapi wanaofika Kidato cha Nne hawajawahi kutengeneza fuwele hata moja kwa mikono yao. Mwalimu anasimama mbele na bakuli moja, watoto hamsini wananyoosha shingo, kisha wanaandika hatua. Najua sababu, kemikali ni ghali na vipindi ni vifupi. Lakini gramu 5 za oksidi kwa kundi la wanne si mzigo wa kuishinda shule, na fuwele zinajijenga zenyewe wikendi nzima bila kudai mwalimu. Kilichoniuma katika lile daftari la hesabu ni kwamba hakuna aliyeniuliza fuwele zangu ziliendaje. Tulitengeneza, tukaandika, tukapita.

Kwa hiyo nimeweka utaratibu. Kila msichana anachukua fuwele moja iliyokauka, anaifunga kwenye karatasi mpya ya kuchujia, anaandika jina na tarehe. Naziweka kwenye sanduku ndani ya kabati la maabara na kulifunga, maana si kitu cha kubeba bwenini. Baada ya mwezi tunazifungua pamoja. Mwezi uliopita tulifungua 46. Karatasi tatu zilikuwa na madoa ya kahawia, na zote zilitoka kundi moja, lile lililokuwa limeishiwa oksidi na kuona aibu kuniomba zaidi. Nyingine 43 zilikuwa nyeupe. Yule aliyekataa kumwaga kimiminika mama aliigeuza yake upande huu na upande ule, akaipeleka dirishani, akainusa hata. Kisha akauliza kama anaweza kuirudisha mle ndani akaitazame tena wakifunga muhula.